Mkono wa Kulia wa Banjo, Mkono wa Kushoto wa Bluzi: Kisa cha Josh Graves

Mwezi Mei 1955, wanamuziki wa Marekani Lester Flatt na Earl Scruggs walimwajiri kijana wa miaka 27 katika kundi lao la Foggy Mountain Boys ili apige besi na kuwachekesha watu jukwaani. Alizaliwa Tellico Plains, mashariki ya Tennessee, tarehe 27 Septemba 1927, na jina lake ni Burkett Howard Graves. Wenzake walimwita Buck, na mashabiki wakamjua kama Uncle Josh. Dobro, gitaa lenye koni ya chuma ndani na chombo alichokimudu kuliko vingine vyote, haikuwa na kazi katika blugrasi ya wakati ule, muziki wa kasi wa banjo, fidla na mandolini wa kusini mwa Marekani. Bill Monroe, mwasisi wa muziki huo, hakuitumia. Makundi yaliyomfuata Monroe hayakuitumia pia.

Baada ya wiki chache besi ilikwenda kwa mtu mwingine, na Graves akasimama mbele ya kipaza sauti na dobro yake. Leo dobro husikika katika makundi mengi ya blugrasi. Mabadiliko hayo yalianzia kwa mtu mmoja na uamuzi mmoja wa kiufundi, na ndiyo maana nimeona kisa chake kinastahili kuchambuliwa polepole.

Kila anapotajwa husemwa kwamba alichanganya blugrasi na bluzi, muziki wa Weusi wa Kusini mwa Marekani. Si uongo, ila haielezi kitu. Alichanganya nini hasa, kwa mkono upi, na kwa nini wakubwa wa muziki ule walikubali? Jibu langu ni kwamba mikono yake miwili ilitoka sehemu mbili. Wa kulia aliusomesha kwa mpiga banjo, wa kushoto aliulea kwa bluzi. Bila ule wa kwanza asingepata kazi. Bila wa pili angekuwa mwiga banjo tu, na tusingekuwa tunamjadili.

Tuanze na chombo chenyewe, maana kisa chote kimo ndani yake. Mwaka 1927, huko Los Angeles, mhamiaji kutoka Slovakia aitwaye John Dopyera alitafuta njia ya kuliongezea gitaa sauti. Vipaza sauti vya umeme vya magitaa vilikuwa bado, na katika bendi yenye tarumbeta gitaa la mbao lilimezwa kabisa. Dopyera akaweka ndani ya gitaa koni nyembamba za alumini. Mtetemo wa nyuzi unapita kwenye daraja hadi kwenye koni, na koni inautupa nje kwa nguvu kama spika. Kampuni ya National ikayatengeneza magitaa hayo kwa mwili wa chuma. Muda mfupi baadaye Dopyera aligombana na washirika wake, akatoka, na yeye na ndugu zake wakaanzisha kampuni yao, Dobro. Gitaa lao jipya lilikuwa la mbao, na koni moja tu iliyokaa kama bakuli lililofunuliwa juu. Juu ya koni hiyo kuna kiunzi cha chuma chenye miguu iliyotanuka, na mafundi hukiita buibui.

Tofauti hiyo ilizaa njia mbili. Magitaa ya chuma ya National yaliangukia mikononi mwa wanamuziki Weusi wa bluzi. Tampa Red alirekodi nalo kuanzia 1928, Son House na Bukka White wa Mississippi walilifanya lingurume, na Blind Boy Fuller alilibeba katika mitaa ya Durham, North Carolina. Hawa walilishika gitaa wima kama gitaa la kawaida, kidole kimoja kikiwa kimevikwa shingo ya chupa au bomba la chuma la kutelezesha juu ya nyuzi. Dobro ya mbao ilikwenda zaidi kwa Wazungu wa milimani na vijijini. Wao walilaza gitaa mapajani, au walilining'iniza kwa mkanda likiwa limelala, na kutelezesha kipande kizito cha chuma juu ya nyuzi zilizoinuliwa mbali na shingo kiasi kwamba kidole hakiwezi kuzibana. Njia hiyo ya kulaza gitaa ilitoka Hawaii. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliisambaza Marekani nzima, na kwa miaka kadhaa muziki wa Hawaii uliuza santuri kuliko aina nyingi za muziki.

Basi chombo kimoja kilikuwa na makabila mawili ya wapigaji, na sheria za ubaguzi za majimbo ya Kusini ziliwatenga. Kampuni za santuri nazo ziliwauza katika orodha mbili, moja ya Weusi na nyingine ya Wazungu wa vijijini. Masikio ya watu hayakufuata orodha hizo. Monroe mwenyewe alipokuwa kijana huko Kentucky alimsikiliza na kumfuata Arnold Shultz, mpiga gitaa Mweusi aliyefariki 1931, na hakuacha kumtaja kama mwalimu wake wa bluzi. A. P. Carter, Mzungu wa kundi la kantri la Carter Family, alizunguka kukusanya nyimbo pamoja na Lesley Riddle, Mweusi wa milima ileile. Banjo, ambayo leo watu wengi huiona chombo cha Wazungu wa milimani, ina asili ya Afrika Magharibi. Anayesema Graves aliingiza bluzi katika blugrasi anakosea mahali pa kuanzia. Bluzi ilikuwamo. Alichofanya Graves ni kuipa chombo kilichoweza kuitamka sawasawa.

Graves alimsikia Cliff Carlisle akiwa bado mtoto, na hilo likaamua maisha yake. Carlisle alipiga gitaa la kulaza na kuimba bluzi kwa koo la kizungu, kwa mtindo wa mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers, na mwaka 1931 alirekodi na Rodgers mwenyewe. Msomaji wa Kenya anayo sababu ya kulijua jina la Rodgers. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi kule Kapkatet wimbo wa Wakipsigis uitwao Chemirocha. Wimbo huo ulizaliwa baada ya santuri za Rodgers kufika huko, jina lake likageuka kuwa Chemirocha, na yeye akageuka kiumbe nusu mtu nusu swala anayechezewa kwa kinubi. Sauti iliyovuka bahari hadi Bonde la Ufa ilikuwa bluzi iliyopita kinywani mwa Mzungu wa Mississippi. Ndiyo hiyohiyo iliyomfikia mtoto wa Tellico Plains kupitia Carlisle.

Kuanzia 1942 Graves alikuwa mwanamuziki wa kulipwa. Alianza na Pierce Brothers huko Gatlinburg, kisha Esco Hankins wa Knoxville, kisha Mac Wiseman, kisha Wilma Lee na Stoney Cooper katika redio ya WWVA ya Wheeling, West Virginia. Shule hiyo ya redio ilikuwa ngumu. Unapiga alfajiri studioni, jioni unapiga katika ukumbi wa shule mji mwingine, usiku unalala garini. Ndiko alikojifunza vichekesho vilivyomfanya aajiriwe na Flatt na Scruggs.

Tatizo lililokuwa mbele yake lilikuwa la kasi.

Kiongozi wa dobro katika redio ya taifa alikuwa Pete Kirby, aliyejulikana kama Bashful Brother Oswald, aliyepiga na mwimbaji wa kantri Roy Acuff tangu 1939. Oswald alikuwa fundi wa kuliza nyuzi. Alitelezesha kutoka noti hadi noti, akaiacha itetemeke, akaiacha ife yenyewe. Katika wimbo wa huzuni wa mwendo wa taratibu hakuna kinachoishinda sauti hiyo. Sasa iweke kando ya banjo ya Scruggs. Scruggs aliingia kwa Monroe mwishoni mwa 1945 na kuubadilisha muziki kwa vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati, kila kimoja na kucha yake ya bandia, vikizunguka bila kukoma na kumwaga noti nane katika kila duru la mdundo. Mpiga dobro anayetelezesha kwa utulivu hana mlango wa kuingilia hapo. Akiteleza noti moja, banjo imeshapiga sita. Solo yake ingekuwa kama mkokoteni katikati ya barabara ya mabasi.

Graves alikutana na Scruggs mwaka 1949 huko Lexington, Kentucky, miaka sita kabla ya kuajiriwa naye. Hapo akaamua kujifunza kwa mpiga banjo, wala si kwa mpiga dobro mwingine. Alitaka mizunguko ileile ya vidole vitatu, aihamishie kwenye chombo kilicholala tumboni. Ukiangalia namna vyombo hivi viwili vinavyofungwa nyuzi utaona kwa nini jambo hilo liliwezekana. Dobro ya blugrasi ina nyuzi sita zilizofungwa kwa G-B-D-G-B-D kuanzia ule mnene. Zipige wazi zote, unapata mpatano kamili wa G. Banjo ya nyuzi tano ina nyuzi nne ndefu zilizofungwa D-G-B-D. Sasa hesabu nyuzi nne nyembamba za dobro: D-G-B-D. Ni sauti zilezile, katika kimo kilekile. Mkono wa kulia uliozoea banjo unapofika kwenye dobro unakuta nyumba ambayo vyumba vyake vinne unavijua tayari.

Vyumba vinavyobaki ndivyo vilivyoleta shida. Banjo ina uzi wa tano mfupi, G ya juu, ambao gumba hurudi kuugonga kila mara ukalia kama kengele juu ya kila kitu. Dobro haina uzi huo, badala yake ina nyuzi mbili nene chini. Kwa hiyo mizunguko ya Scruggs haikuweza kunakiliwa kidole kwa kidole, ilibidi itungwe upya. Shida kubwa zaidi ilikuwa tabia ya sauti yenyewe. Noti ya banjo hufa mara inapozaliwa, na ndiyo maana Scruggs angeweza kumwaga noti nane bila vurugu. Noti ya dobro inaishi, maana koni inaibeba. Ukizimwaga noti nane za dobro kwa kasi ile bila uangalifu, zinapandana na kuwa kelele moja ya bati. Anayetaka kuzitenga lazima auzime uzi mara tu baada ya kuupiga: kwa vidole vinavyofuata nyuma ya kile chuma, kwa kiganja cha kulia, kwa kuinua chuma kwa sekunde isiyoonekana. Sikiliza rekodi za Graves za miaka ya mwisho ya hamsini na utazame pale noti zinapokoma. Kila moja imekatwa kwa makusudi. Wapigaji wanaoanza hujishughulisha na namna ya kuzianzisha noti, na mimi naona hilo ndilo linalowachelewesha. Ustadi wa Graves uko katika kuzimaliza.

Huo ndio mkono wa kulia, ule uliompa kiti. Mkono wa kushoto ulikuwa na mambo mengine.

Bluzi inaishi kati ya noti. Ile noti ya tatu ya ngazi ya muziki haikai chini wala juu, inaelea katikati, na mwimbaji huivuta kadiri moyo unavyomtuma. Piano haina mahali pa kuipata. Banjo yenye vipande vya chuma shingoni inaipata kwa kuuvuta uzi, na hata hivyo kwa shida. Gitaa la kuteleza linaipata bila jasho, kwa sababu chuma kinaweza kusimama popote. Katika ufungaji wa G upo urahisi mwingine ambao hata wapigaji wenyewe hawausemi sana. Weka chuma juu ya alama ya tatu ya shingo, kikate nyuzi zote. Uzi wa tatu unakupa B iliyoshushwa nusu, na uzi wa kwanza unakupa F. Hizo ndizo noti mbili zinazoufanya wimbo wa G uwe bluzi, ile ya tatu na ile ya saba zilizoshushwa, na zote ziko chini ya chuma kimoja kwa wakati mmoja. Telezesha chuma kidogo mbele kwenye uzi wa tatu, B iliyoshushwa inapanda kuwa B kamili, na katika mpando huo mfupi umepita mahali pote ambapo mwimbaji wa Mississippi angepitisha koo lake.

Graves alizijua noti hizo mapema, na hakuziacha zibaki katika nyimbo za polepole. Alizipachika ndani ya mzunguko wa banjo. Kwa kasi ile kuteleza kwa urefu hakuwezekani, basi akatumia mbinu ya kugonga na kung'oa: uzi unapigwa wazi, kisha chuma kinaugonga kwenye alama ya tatu na noti ya pili inatoka bila kidole cha kulia kufanya kazi, au chuma kinang'olewa kwenye uzi na noti ya wazi inalia yenyewe. Faida yake ni mbili. Mkono wa kulia unapata nafasi ya kupumua, na noti za bluzi zinapita kwa kasi ya blugrasi bila kupoteza uchungu wake. Huo ndio mchanganyiko wenyewe, na unatokea ndani ya duru moja ya mdundo. Hakupiga wimbo mmoja wa blugrasi kisha mmoja wa bluzi kumfurahisha kila mtu.

Kwa nini Flatt na Scruggs walikubali? Sababu ya kwanza ni kwamba alipiga vizuri mno. Ya pili ni ya biashara, na naona ina uzito uleule. Wote wawili walitoka katika kundi la Monroe mwaka 1948, na kwa miaka mingi uhusiano wao na mzee huyo ulikuwa mbaya. Walikuwa wakifadhiliwa na unga wa Martha White katika redio ya WSM ya Nashville tangu 1953, na mwaka 1955, mwaka uleule wa kumwajiri Graves, wakaingia rasmi Grand Ole Opry, jukwaa ambalo Monroe alikuwa mfalme wake. Walihitaji sauti ambayo msikilizaji angeitambua redioni kabla mtangazaji hajataja jina. Monroe alikuwa na mandolini mbele. Wao walikuwa nayo pia, mikononi mwa Curly Seckler, lakini taratibu ikasukumwa nyuma na dobro ikachukua nafasi. Tangu hapo hakuna aliyeweza kulichanganya kundi lao na la Monroe. Kipaji cha Graves kilikutana na haja ya mwajiri wake siku sahihi. Angekuja mwaka 1946, naamini angebaki mpiga besi.

Kilichofuata ni miaka kumi na minne ya mafanikio. Mwaka 1957 walirekodi Shuckin' the Corn, ambayo Graves ni mmoja wa watunzi wake. Albamu ya Foggy Mountain Banjo ilitoka 1961. Tarehe 8 Desemba 1962 kundi lilipiga Carnegie Hall, New York, mbele ya watu wa mjini ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuona dobro. Mwezi uliofuata wimbo wao wa tamthilia ya televisheni ya The Beverly Hillbillies ulishika namba moja katika chati za kantri. Kati ya nyimbo, Graves na mpiga besi Jake Tullock, waliojulikana kama Uncle Josh na Cousin Jake, walichekesha na kuimba wawili. Hilo lisipuuzwe. Katika muziki ule mchekeshaji alikuwa na mshahara na nafasi yake, na Graves hakuiacha kazi hiyo hata alipokuwa mpiga dobro mkubwa kuliko wote.

Mwaka 1969 Flatt na Scruggs wakatengana. Studio ilikuwa inawasukuma waimbe nyimbo za Bob Dylan. Flatt hakuzitaka, na Scruggs alitaka kupiga na wanawe waliokulia katika roki. Hapa kisa kinakuwa kizuri kwa mchambuzi, maana Graves alipita pande zote mbili. Kwanza alibaki na Flatt katika kundi lililoitwa Nashville Grass, lililoshikilia muziki wa zamani. Mwaka 1971 akaondoka, kisha akajiunga na Earl Scruggs Revue, lenye ngoma na magitaa ya umeme, akakaa huko hadi 1974. Wapo walioona huko ni kuyumba. Mimi naona ni ushahidi wa mkono ule wa kushoto. Mpiga banjo au mpiga fidla aliyelelewa ndani ya blugrasi peke yake angepotea katikati ya vijana wa roki, kwa sababu msingi wa roki ni bluzi. Graves alikuwa nayo bluzi tangu utotoni. Hakuhitaji kubadilisha lugha, alihitaji kuongeza sauti tu.

Mwaka huohuo wa 1974 alitoa albamu yake Alone at Last, na kuanzia hapo akawa msanii wa kujitegemea. Sitaipamba sehemu hii. Mpiga chombo ambaye si mwimbaji mkuu hana mahali pa starehe katika soko la Nashville. Jina lake wanalijua wapigaji wenzake wote, na mnunuzi wa dukani halijui. Graves aliishi kwa kurekodi na watu wengine, kwa matamasha ya blugrasi yaliyokuwa yanaongezeka, na kwa ushirikiano. Uliodumu kuliko mingine ulikuwa na Kenny Baker, mpiga fidla maarufu wa Monroe, aliyemwacha Monroe mwaka 1984. Wakazunguka wawili, mmoja kutoka kila upande wa ule ugomvi wa zamani, na fidla ya Baker yenye lafudhi ya jazi ikakaa vizuri mno juu ya dobro ya bluzi. Mwaka 1989 wakaongezeka Eddie Adcock na Jesse McReynolds, kundi likaitwa The Masters.

Warithi wake ndio walioipeleka dobro mbali. Mike Auldridge wa kundi la Seldom Scene alinunua dobro yake ya kwanza nzuri kutoka kwa Graves mwenyewe. Auldridge alilainisha kila kitu: sauti safi, ndefu, yenye mpangilio, na sehemu kubwa ya ukali wa bluzi aliiacha. Jerry Douglas, mzaliwa wa Ohio wa mwaka 1956, alimwona Graves jukwaani akiwa mtoto na baba yake, na ndiye aliyeichukua dobro hadi kwenye jazi na muziki wa filamu. Mwaka 1994 Douglas na Tut Taylor waliwakusanya wapigaji kumi katika albamu ya The Great Dobro Sessions. Graves alikuwamo, na Oswald mzee alikuwamo. Albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy ya blugrasi. Mwaka 1997 Graves aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa chama cha kimataifa cha blugrasi.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu kiafya. Alikatwa miguu yote miwili, na bado akaendelea kupiga akiwa ameketi. Alifariki Nashville tarehe 30 Septemba 2006, siku tatu baada ya kutimiza miaka 79. Mwaka 2012 chapa ya Chuo Kikuu cha Illinois ilichapisha kumbukumbu zake zilizokusanywa kutoka katika mazungumzo, kwa jina la Bluegrass Bluesman.

Liko jambo moja ambalo wasifu wake mwingi hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Graves alipata kiti, jina, na mwishowe heshima. Katika kizazi kilichomtangulia, waliokuwa mabingwa wa bluzi ya gitaa la koni walikuwa katika hali nyingine. Fuller alifariki 1941 akiwa katika miaka ya thelathini. Son House aliacha muziki kwa miaka mingi, akafanya kazi za kawaida Rochester, New York, hadi vijana mashabiki walipomtafuta na kumpata mwaka 1964. Bukka White naye alitafutwa hivyohivyo huko Memphis. Hakuna Opry iliyowapa mkataba, wala unga wa ngano uliolipia kipindi chao cha asubuhi. Kumsifu Graves hakuhitaji tuwasahau, wala kuwakumbuka hakumpunguzii yeye chochote. Hakuificha bluzi yake, aliipiga waziwazi mbele ya watu ambao katika miji mingi ya Kusini wasingemruhusu mwenye nayo kuingia kwa mlango wa mbele. Lakini tukisema bluzi ilimpa jina, tuseme pia ilitoka kwa nani na waliipata kwa bei gani.

Kwa anayetaka kuyasikia haya kwa masikio yake, aanze na Shuckin' the Corn ya 1957 na amsubiri Graves aingie baada ya banjo. Mara ya kwanza asikilize vidole tu, jinsi mzunguko wa Scruggs unavyoendelea bila kukatika ingawa chombo kimebadilika. Mara ya pili asikilize zile noti za tatu zinazopanda kutoka chini. Kisha ahamie Foggy Mountain Banjo ya 1961, ambako solo zake ni fupi na hakuna noti ya kupoteza, na baada ya hapo rekodi ya Carnegie Hall, ambako kasi imeongezeka na hadhira inasikika. Alone at Last ya 1974 iwe ya mwisho, kwa kuwa huko amebaki peke yake na hana banjo ya Scruggs ya kumbeba.